Mwaka wa Maji ya Moto

Tulimzika Sista Perpetua siku ya Alhamisi, na kabla Ijumaa haijafika saa sita mchana nilikuwa nimeshaanza kuona wivu. Najua si jambo la kusema juu ya matanga, lakini nimefika umri ambao nikidanganya najidanganya mwenyewe tu. Nilikuwa nimekaa mkekani, uani kwa marehemu, Makole, Dodoma, alikohamia alipostaafu, nimejifunga kitenge changu cha msiba, nangoja watu waje kunipa pole. Kwani katika wote waliokuwa pale, nani mwingine alifuata nyayo zake akawa muuguzi? Wakawa wanaingia mmoja mmoja, wananipita, wanakwenda kumwinamia mwanamke mmoja mnene, wa baibui jeusi, aliyekaa karibu na mlango wa jiko akichambua mchele. Wanamshika mkono, wanamwambia, "Pole, dada, umeondokewa na mama." Nikamuuliza jirani yangu wa mkekani yule ni nani. Akanishangaa. "Humjui? Zaituni huyo, wa maharage. Ndiye aliyemuuguza marehemu mwaka mzima." Sikuwa nimemwona tangu tulipokuwa wasichana, lakini nilipolisikia jina lile moyo ulinipiga vilevile kama zamani, kana kwamba bado tuna miaka kumi na tisa na kitanda kimoja cha kugombea.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Hazikunisaidia mwaka ule na hazitanisaidia hapa. Nitaanza na chumba. Kilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ya Sista Perpetua, katika kijiji kilicho juu ya Kibakwe, mwendo wa saa mbili ukipanda kwa miguu, pale vilima vinapoanza kubanana. Hakuwa mtawa, kwetu muuguzi yeyote wa kike wa zahanati aliitwa sista. Nilipomaliza kidato cha nne nilimwomba nimsaidie kazi bila malipo, akanipa chumba kile na kitanda cha chuma kilichokaa chini ya dirisha. Nikilala niliona kilima kizima, kijani wakati wa masika, rangi ya ngozi ya simba wakati wa kiangazi. Ukuta wa ndani haukufika darini, kwa hiyo lolote lililosemwa sebuleni lilinifikia kitandani bila mimi kunyanyua sikio. Nilikipenda chumba kile kuliko nilivyowapenda watu wengi. Na nilikuwa na sababu ya kukaa humo: kila mwaka zahanati yetu iliruhusiwa kupeleka jina la msichana mmoja wa kwenda kusomea uuguzi. Mmoja tu. Mwezi wa tano, Sista akichemsha sindano, alinitazama akasema, "Ukiendelea hivi, Tabitha, mwezi wa kumi nitaandika jina lako." Maneno yale niliamka nayo na kulala nayo.

Mwezi wa sita alikwenda Dodoma kufuata dawa, akarudi na Zaituni. "Huyu ni binti wa rafiki yangu wa Makole," akaniambia. "Amekuja kukaa wiki mbili abadilishe hewa." Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa vitu, na Zaituni alishuka kutoka kwenye lori amevaa viatu vya mtumba vya ngozi nyekundu ambavyo mpaka leo nikifumba macho naviona. Kwao walikuwa watu wa mjini tangu enzi za misafara, watu wa duka na baraza, wanaoongea Kiswahili kana kwamba kilizaliwa uani kwao. Kwa kuwa ni mgeni, akapewa kitanda cha dirishani. Mimi nikatandika mkeka. Nikajifariji: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu jembe nikampa kweli, tena lile zito, na akalima bustani ya mchicha mpaka ukingoni, huku akiimba. Jioni akatia iliki kwenye chai yetu na kupika maharage kwa karanga, na Sista, ambaye kwa mwaka mzima nilimjua kama mtu wa kula kimya, akasema, "Zaituni, utanifanya nishindwe kuinuka," akacheka. Mimi sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Zaidi ya hayo, mimi nilimwita Sista kwa heshima zangu zote. Huyu alimwita mama mdogo tangu siku ya kwanza, na akaitikiwa. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda mpaka sketi ikahitaji pini.

Wiki zake mbili hazijaisha, kipindupindu kikaingia. Kilianzia vijiji vya bondeni, kikapanda na njia ya maji. Ikapigwa marufuku kuingia wala kutoka kijijini, na Zaituni akabaki kwetu kama mbegu iliyoanguka mahali pasipo pake na kuota hapo hapo. Darasa la kwanza la shule likageuzwa wodi. Pombe ikakatazwa, matanga yakakatazwa, kupeana mikono kukakatazwa. Shikamoo ikawa inatolewa kutoka ng'ambo ya njia na marahaba inarudi kwa kupaza sauti. Sisi watatu tuliokuwa tukila sinia moja tukaanza kula kila mtu na sahani yake, nami nikaona afadhali, maana nilikuwa nimechoka kutazama vidole vya Zaituni vikimega ugali upande wa Sista. Kutwa mimi na Sista tulipita nyumba kwa nyumba kufundisha, Zaituni akibaki kuchemsha maji ya wodi. Sista alisema kwa Kiswahili chake cha kitabu, "Mnywe maji yaliyochemshwa na kufunikwa." Lakini neno hilo lilikuwa refu mno kwa wazee wetu, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya kwenda nayo ofisini. Ndani ya wiki moja kijiji kizima kikalikata. Yakawa "maji ya moto". Hata yakishapoa, hata yakilala siku mbili mtungini yakawa baridi ya kuuma meno, bado yaliitwa maji ya moto. Ukifika nyumbani kwa mtu mwenye adabu alikuuliza, "Nikupe maji ya moto?" akakuletea kikombe cha maji baridi, nawe ukanywa bila wasiwasi. Naomba neno hilo likumbukwe.

Kwetu mwezi wa nane na wa tisa si miezi ya kukaa ndani. Nyasi za vilimani hukauka zikalia, wachungaji huchoma zipate kuchipua upya, wengine huchoma wakiwinda panya, na upepo hauna mpaka. Mtaa wa juu, wenye nyumba za nyasi, uliungua mara nyingi kuliko nilivyoweza kukumbuka. Kwa hiyo kila mwaka kijiji kilipanda kwa pamoja kwenye msaragambo na kukata kinga, yaani ukanda wa ardhi tupu uliofyekwa na kukwanguliwa mpaka udongo mwekundu, kutoka korongoni mpaka kwenye majabali. Wanaume na wanawake bega kwa bega, ugali wa pamoja, na pombe mwisho wa siku. Sasa utaitisha vipi msaragambo wakati watu wamekatazwa kukusanyika? Mwenyekiti wa kijiji alikuja sebuleni kwa Sista alasiri moja, nami nimejilaza mkekani na kichwa kinaniuma. Nikamsikia akisema, "Sista, nikiwakusanya watakufa kwa kipindupindu. Nisipowakusanya wataungua. Nichague lipi?" Ikaja sauti ya Zaituni, laini kama ya mtu anayeomba chumvi: "Shikamoo, baba. Kwani lazima waende siku moja? Kinga si inaweza kupimwa kwa kamba, kila nyumba ikapewa kipande chake, wakaenda kwa saa tofauti na maji yao ya kunywa?" Mwenyekiti akacheka kwa furaha, akapiga goti lake. Mimi nilizaliwa chini ya kilima kile. Nilishawahi kukimbia moto wake na ndoo kichwani. Wazo lile lilipaswa kunijia mimi, na nilimchukia kwa kuliokota mbele yangu.

Tukaanza kupima. Zaituni alishika ncha moja ya kamba na daftari, mimi nikashika ncha ya pili, yaani mimi nilikuwa ndiye mti wa kufungia. Kila nyumba ikapata urefu wa kamba tatu. Tukapita pia majumbani: kuni zilizoegemezwa ukutani ziondolewe, nyasi zikwanguliwe hatua kumi kutoka kwenye kuta, mabua ya mwaka jana yasilundikwe karibu na zizi, majivu ya jikoni yazimwe kabla ya kumwagwa chooni, maana majivu tuliyahitaji kwa kipindupindu na hatukutaka yatuletee moto. Watu walimwita "binti Makole". "Binti Makole, njoo uone kipande changu!" Mimi waliniita wapi? Mimi walinijua. Jioni hiyo nikiwa naosha miguu nyuma ya nyumba nilisikia Mwenyekiti akimuuliza Sista habari za lile jina la mwezi wa kumi. Sista akasema, "Nina mtihani. Tabitha ana mkono. Zaituni ana kichwa." Mkono! Ni kweli nilikuwa na mwandiko mzuri. Kadi zote za kliniki niliandika mimi, na hata Padri alikuwa akiniletea matangazo yake. Lakini nimeishi miaka mingi baada ya jioni ile na bado sijajua kama kuna tusi lililonichoma kuliko sifa hiyo.

Kilichobaki kilikuwa maji. Mwenye duka alitoa mapipa matupu ya mafuta ya kula, tukayaweka kila penye nyumba kumi, yakajazwa maji ya korongoni, yale ya tope tuliyokuwa tukiwaambia watu kutwa kucha wasiyaguse. Yalifunikwa kwa bati na jiwe juu ili mifugo isiyamalize. "Tuyaandike," akasema Zaituni, "watu wasije wakayachota kwa kufulia." Kulikuwa na rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka mlango wa zahanati, kidogo tu, chini ya mkebe. Akanipa brashi, kwa kuwa mkono nilikuwa nao mimi. "Tuandike MAJI YA KUZIMIA MOTO," nikasema. Akachungulia mkebe. "Rangi haitatosha mapipa yote. Andika kwa kifupi: MAJI YA MOTO. Kila mtu ataelewa."

Nilipiga magoti mbele ya pipa la kwanza, lile la mtaa wa juu. Nikaandika M, nikaandika A. Nikapata ile methali kichwani, maji ya moto hayachomi nyumba, nikataka kucheka, na hapo hapo kicheko kikanikauka, maana niliyaona maneno yale kama mwanakijiji atakavyoyaona. Maji ya moto. Maji salama. Zaituni hakuweza kuliona. Alitoka mjini, kwake maji ya moto ni yale yanayounguza mkono, na nyumbani kwa Sista tulisema yaliyochemshwa. Mimi niliona. Brashi ikasimama hewani, tone moja likaanguka kwenye goti langu. Nikamgeukia. "Niandike hivyo hivyo?" "Hivyo hivyo," akasema. Nikauliza tena, "Una hakika?" Akatabasamu. "Andika, Tabi, una mkono mzuri." Neno hilo ndilo lililomaliza kazi. Nikajiambia: basi na akosee. Akosee mbele ya kijiji, Sista aone kichwa chenyewe kikoje. Nikaandika mapipa yote, herufi zimenyooka, nzuri za kutazamika kutoka mbali.

Jirani wa pipa la kwanza alikuwa Bibi Mbeleje, mjane aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho kabla ya kilima. Alikuwa amejifunza kusoma utu uzimani, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, na cheti chake kilitundikwa ukutani juu ya kinu. Alisoma kila kitu. Alisoma karatasi za sabuni mpya za dukani, hata zenye lugha asiyoijua, silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa akinisimamisha njiani, akinisalimu kwa Kigogo na kunionyesha gazeti lililofungiwa nyama. "Mbukwa, mwanangu. Hapa wamesema nini? Usiniambie! Ngoja nisome mwenyewe." Siku ya tatu baada ya kuandika mapipa, nikipita na chupa za dawa, alinipungia mkono kutoka mlangoni. Nikampa shikamoo kutoka ng'ambo ya njia. "Marahaba. Mwambie Sista asante!" akapaza sauti. "Mimi na huu mgongo, kuni za kuchemshia nimezipata wapi? Sasa katuletea mpaka mlangoni. Nilisoma mwenyewe: ma-ji-ya-mo-to."

Nilisimama pale na chupa zangu. Ninajua nililopaswa kusema. Lina maneno mawili, bibi usinywe. Badala yake nilisema, "Nitamwambia." Nikaondoka. Nilijua Mwenyekiti atakuja kesho yake asubuhi kukagua kinga pamoja na Sista, na nilitaka nilitoe jambo hilo pale, mbele yao wote, Zaituni akiwa amesimama na daftari lake. Nikajiambia kama amekunywa siku mbili na yu mzima, siku moja zaidi itamfanya nini? Nikala chakula cha jioni vizuri. Zaituni alikuwa amepika mlenda, mara yake ya kwanza, ukawa mwepesi kama maji, na tulicheka wote watatu, nami nikacheka kuliko wao kwa sababu nilikuwa na siri yangu mfukoni.

Asubuhi Mwenyekiti hakuja kukagua kinga. Alikuja mbio kusema Bibi Mbeleje amekutwa sakafuni. Tulimbeba kwa machela mpaka lile darasa la wagonjwa. Macho yalikuwa yamezama, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Sista alimtundikia dripu, Zaituni akamshika kichwa, mimi nikaandika kadi. Nakumbuka kadi ile: mwandiko mzuri sana. Mchana Sista alimuuliza bibi amekunywa maji gani, na yeye, kwa sauti ya kukwaruza, akajibu kwa fahari kidogo, "Yale yenu, ya moto." Alifariki kabla jua halijageuka. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na kilio cha wanawake. Wanaume wanne wenye mabuti walimzika siku hiyo hiyo pembezoni mwa kinga, juu, mbali na makaburi ya watu, kwa sababu wa kipindupindu walizikwa peke yao.

Sista alituita sebuleni, na Mwenyekiti akiwepo. "Nani aliandika mapipa?" Nikasema, "Mimi, Sista." "Nani alikwambia uandike hivyo?" Sikujibu. Nilimtazama Zaituni tu. Kuna kimya kinachonyoosha kidole kuliko kidole chenyewe. Akasema, "Ni mimi, mama mdogo. Tabitha hana kosa. Yeye aliniuliza, tena mara mbili, nikamwambia andika." Alikuwa akilia, lakini alisema kila neno mpaka mwisho. Alichukua swali langu, lile nililouliza ili nijikinge, akanikinga nalo. Habari za bibi kunishukuru hakuna aliyezijua, na mimi sikuzisema. Wiki mbili baadaye njia ilipofunguliwa kidogo, Zaituni alipanda lori la kwanza na viatu vyake vyekundu mkononi, kwa sababu njia ilikuwa na vumbi. Kitanda cha dirishani kikarudi kwangu. Ningependa kuandika kwamba sikupata usingizi. Nililala.

Mapipa niliyaandika upya: MAJI YA KUZIMIA MOTO, MACHAFU, USINYWE. Rangi ilipatikana. Mwishoni mwa mwezi wa tisa moto ulishuka kilimani alasiri moja, na upepo nyuma yake, ukiunguruma. Ulipofika kwenye kinga ukasita, ukatafuta pa kupitia, na pale ulipojaribu kuruka, watu wa kila nyumba kumi walikuwa na pipa lao. Hakuna paa hata moja lililoungua mwaka ule. Watu walinishukuru mimi, maana mimi ndiye niliyekuwepo, nimejaa masizi, na ndoo mkononi. Mwezi wa kumi Sista aliandika jina moja. Alinipa barua bila kunitazama sana, akasema, "Nenda ukawe muuguzi mzuri." Nilikuwa muuguzi mzuri. Waulize wagonjwa wangu. Lakini kumtembelea yeye nilikwenda mara chache, na kila mara nilikuwa na haraka.

Ndiyo maana pale Makole, watu walipopungua, nilijikokota mpaka mlango wa jiko. Zaituni alinitazama kidogo, kisha akaacha ungo na kunikumbatia, mikono yake ikinuka mchele. Alikuwa mzee kama mimi, ila uzee ulikuwa umemkaa vizuri, na hilo pia nililiona. Tuliongea ya marehemu, ya watoto. Akaniambia ananunua maharage Kibakwe kila mwaka, malori mawili matatu, baada ya mavuno. "Na nikifika huko napanda juu kidogo," akasema, akishusha sauti, "nakwenda kumfyekea yule bibi. Unamkumbuka? Wa pipa. Kaburi lenyewe lipo kwenye nyasi, kinga siku hizi hawaikati, kila kiangazi moto unampitia. Mimi ndiye niliyemuua, Tabi. Siwezi kumwacha aungue." Alilisema kwa utulivu wa mtu aliyelizoea. Mimi nilifanya kazi Mpwapwa miaka kumi na mbili, karibu na pale kuliko yeye, na sikupanda hata mara moja. Nilimwonea wivu kitanda, nikamwonea wivu chai, nikamwonea wivu mama mdogo. Sasa nikajikuta namwonea wivu kaburi. Hatia ile ilikuwa yangu, na hata hiyo alikuwa ameichukua yeye, akaitunza vizuri kuliko ambavyo ningeitunza mimi. "Mwaka huu nichukue," nikamwambia. Akafurahi sana, maskini.

Tulipanda mwezi wa saba, yeye na fyekeo, mimi na jembe na magoti yanayolia. Kilima kilikuwa kile kile, nyasi zimeshaanza kugeuka rangi. Alijua kaburi lilipo bila kutafuta. Tulikwangua kulizunguka, hatua kumi kila upande, kama tulivyowafundisha watu mwaka ule, mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Kibao cha kichwani kilikuwa kimeliwa na mchwa, na alikuwa amebeba kipya kwenye mfuko, na mkebe mdogo wa rangi, na brashi. "Kila mara naandika mimi, kinatoka kibovu," akasema. "Mwandiko wako bado ule ule?" Nikapiga magoti. "Nikuandikie nini?" "Andika jina. Mbeleje. Halafu chini yake andika: ALIJUA KUSOMA."

Jina niliandika. Chini yake brashi ikasimama hewani. Nilisikia mdomo wangu ukisema wenyewe, "Niandike hivyo hivyo?" "Hivyo hivyo," akajibu, anang'oa visiki vya nyasi nyuma yangu, hana habari. Nikaiweka brashi juu ya mkebe. Sikugeuka. Nikamwambia kibao, kwa kuwa sikuweza kumwambia yeye: kwamba siku ile niliona maana mbili kabla sijafika herufi ya tatu. Kwamba bibi alinishukuru kutoka mlangoni, siku moja kabla, na nikamjibu kwamba nitamwambia Sista, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka wewe uaibike mbele ya Sista.

Kung'oa kukakoma. Upepo ulipita kwenye nyasi zilizobaki. "Siku nzima?" akauliza. Nikasema, siku nzima na usiku wake. Nikasikia akikung'uta udongo kwenye mizizi ya nyasi, polepole, kama mtu anayepepeta. "Miaka yote hii nakuja hapa kumwomba msamaha," akasema. "Kumbe tulikuwa wawili, na nilikuwa naomba peke yangu." Akasogea, akapiga magoti upande wa pili wa kaburi, na hakunitazama. "Andika, Tabitha. Rangi inakauka."

Nikaandika. A ya kwanza ikapinda, J ikateleza ikagusa jina lililo juu yake, na nilipomaliza ulikuwa mwandiko mbaya kuliko wowote niliowahi kuutoa. Zaituni aliusoma, silabi moja moja, kwa sauti. Nikamuuliza kama nifute nianze upya. Akasema niuache hivyo hivyo.